Kiti cha Mbele Mpaka Salem

Jumatatu, 24 Juni

Leo nimezaliwa upya! Nina miaka sitini na miwili, goti moja bovu, na karakana ya mashine za kukata majani ambayo wateja wake wamehama au wamekufa. Lakini nimezaliwa upya. Sababu ni Ardith Solheim.

Ardith ni mkutubi mstaafu. Mjane. Mkali kama siki, na akicheka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Ndiye anayeongoza Hoja ya Makufuli hapa Juniper Ford. Hoja yenyewe ni fupi: kila mwenye bunduki Oregon aifunge kwa ufunguo, iwe nyumbani, iwe garini. Saini zikitosha jimbo zima, Novemba wananchi wanaipigia kura wenyewe, wabunge wapende wasipende. Mwisho wa kupokea saini kule Salem, makao makuu ya jimbo, ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni. Ukichelewa, rudi nazo ukawashie jiko.

Leo Ardith alituita sote wakusanyaji wa saini barazani kwake, akatupatia maji ya limau baridi. Akatangaza kwamba atakayeleta saini nyingi kuliko wenzake ndiye atakayekaa kiti cha mbele kwenye gari lake kupeleka sanduku Salem. Mwendo wa saa saba! Bila kuhesabu kusimama kula! Mimi na Ardith, jangwa lote la mashariki, milima yote, na hakuna pa kukimbilia. Kwa saa saba hata jiwe linachumbika.

Kama nina maoni kuhusu makufuli? Humu ndani nisidanganye. Sikuwahi kuwa nayo. Mpaka wiki iliyopita pikapu yangu ilikuwa na stika ya wapinzani: KABATI LANGU, UFUNGUO WANGU. Aliyeibandika ni Gus Etcheverry, rafiki yangu tangu shule, mfuga kondoo, mwenyekiti wa klabu ya walenga shabaha, na mpinzani mkuu wa Hoja katika kaunti nzima. Leo nimeifunika stika kwa utepe wa rangi ya pikapu. Haionekani kabisa, labda ukiisogelea.

Jumanne, 25 Juni

Tatizo lina jina. Wendell Pruett.

Daktari wa meno mstaafu. Ana kofia safi, kiti cha kukunja chenye kimwavuli, na meno ambayo si haki mtu wa miaka sabini kuwa nayo. Nusu ya mji huu amewahi kuwatia vidole kinywani. Sasa mtu aliyekuona umelala chali mate yanakutoka, utamnyimaje saini? Watu wanapanga foleni. Wanamwonyesha na meno yao palepale!

Nikaamua kutumia akili. Gus ameweka meza ya wapinzani nje ya duka la vyakula vya mifugo. Nami nikaweka yangu ubavuni mwake. Hesabu yangu: watu wakija kubishana watapata moto, na mtu mwenye moto hutia saini haraka.

Gus hakukasirika hata kidogo. Alinisogezea kivuli, akanivika kofia yake kwa sababu ya jua, akanipa soseji zake za pilipili kutoka kwenye jiko la mkaa. Soseji za Gus si za kukataliwa. Kisha akaanza kuhutubia. Akasema bunduki yake imo kwenye Katiba, na watu wa upande wa mvua, kule Portland, hawajui hata koyoti, mbwa mwitu wa huku kwetu, analiaje. "Koyoti akiingia zizini saa nane usiku, nimwambie nini? Subiri kidogo mzee, natafuta ufunguo?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikagundua nimekuwa nikitikisa kichwa kukubali muda wote.

Mama mmoja akanigeukia akauliza upande wetu una jibu gani. Mdomo ulikuwa umejaa. Na hapohapo, nani anapita? Ardith. Alisimamisha gari, akateremsha kioo. Akamwambia Gus ufunguo unakaa mfukoni, kama ule wa gari. "Au gari lako nalo huliacha wazi kwa ajili ya koyoti?" Watu wakacheka zaidi. Gus alivua kofia kwa heshima. Si ile, ile nilikuwa nimeivaa mimi.

Mimi hakuniangalia. Aliangalia soseji.

Jumamosi, 29 Juni

Saa sita mchana. Ushindi! Naandika nikiwa nimeegemea toroli la supamaketi. Kwa nini nilikuwa napoteza muda mjini? Leo nimekuja supamaketi kubwa ya barabara kuu, na maegesho yamefurika. Watu wazuri ajabu! Wanatia saini bila swali. Mmoja kanisifu kwa moyo wangu wa uzalendo. Karatasi zimejaa mbele na nyuma. Wendell yuko kule kwenye bustani ya mji na vikongwe wake, anahesabu magego. Pole yake.

Saa mbili usiku. Jumamosi ni siku ya Waaidaho.

Nimeishi hapa maisha yangu yote. Kila Jumamosi wanavuka mto kuja kununua kwetu, kwa sababu kwetu hakuna kodi ya mauzo. Hata mbwa wa mji huu wanajua. Wanakaa karibu na magari ya Aidaho kwa sababu ndiyo yenye nyama. Na mimi nikasimama pale tangu asubuhi, nikikusanya saini za watu wa jimbo jingine, ambao hawawezi kupiga kura hapa hata wakipiga magoti.

Aliyegundua ni Wendell. Hakunicheka, na hilo ndilo lililouma. Alinishika bega akaniambia taratibu, kama mtu anayekwambia jino haliponi, kwamba anwani zote zinaishia na Aidaho. Akauliza kama sikuona namba za magari. Nilimwambia nilikuwa naangalia nyuso, siyo magari.

Ardith alizipokea zile karatasi, akazipiga mstari moja moja. Akasema kosa ni kosa, nijaribu tena, bado siku zipo. Alisema "Lyle." Alitamka jina langu! Nina uhakika kulikuwa na kitu katika sauti yake.

Jumatatu, 1 Julai, mchana

NIMEPATA!

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi leo nina kichwa kizima. Niliamka na wazo likiwa limekaa kitandani linanisubiri. Hebu fikiria. Kikosi cha zimamoto kikitaka mpira mpya wa maji kinafanya nini? Kinachezesha bahati nasibu ya bunduki. Bendi ya shule ikitaka kwenda kwenye mashindano? Bahati nasibu ya bunduki. Paa la kanisa la Walutheri lilipovuja? Bunduki, na mchungaji mwenyewe ndiye aliyechomoa jina. Katika kaunti hii hakuna jema lililowahi kufanikiwa bila kuchezesha bunduki. Sasa mbona hakuna aliyefikiria kuichezesha kwa ajili ya Hoja ya Makufuli?

Nimetoa bunduki yangu ya kuwindia kulungu. Nzuri, kitako cha mti wa jozi. Nimeandika ubao mkubwa kwa rangi nyekundu: TIA SAINI YA MAKUFULI, USHINDE BUNDUKI!

Sijawahi kuona kitu kama hiki. Wanakuja wakikimbia! Jumatatu, hakuna Mwaidaho hata mmoja, nimekagua kila anwani. Klabu nzima ya Gus imetia saini. Wanaume wenye stika ya KABATI LANGU vifuani wanaulizana kalamu iko wapi. Gus alikuja, akausoma ubao, akausoma tena, akakaa chini kwenye lami kwa kicheko. Alilia machozi. Akasema, "Lyle, ndugu yangu, nyani haoni kundule." Sijui alikuwa na maana gani. Wivu, nadhani. Alisimama akaenda zake kwenye maegesho, bado anafuta macho.

Bunduki yenyewe iko kwenye pikapu, nyuma ya kiti. Meneja wa supamaketi hakutaka iwe mezani. Vioo nimeviteremsha, maana joto la leo linayeyusha hata usukani. Wendell ameshindwa! Naona kile kiti cha mbele kabisa. Nanusa ngozi yake!

Jumatatu, 1 Julai, jioni

Ardith alifika saa tisa. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu.

Kwanza alinieleza, kwa sauti ya maktaba, kwamba sheria hairuhusu kumpa mtu kitu chochote ili atie saini. Pipi hairuhusiwi. Kalamu hairuhusiwi kuondoka nayo. Karatasi zote za leo ni takataka, na tukizipeleka zinaweza kutuletea kesi. Akazikusanya mwenyewe. Nilitaka kufa. Kisha akauliza bunduki iko wapi.

Nikamwambia garini. Akauliza gari limefungwa? Nikasema joto.

Tulikwenda pamoja. Vioo viko chini. Nyuma ya kiti hakuna kitu.

Pembeni ya maegesho yale kuna uwanja wa mpira, na wasichana wadogo walikuwa wanafanya mazoezi, wanaingia na kutoka kuja kununua barafu tamu. Ardith aliwaangalia wale watoto, na uso wake ukawa mweupe kama karatasi ya saini. Hapo ndipo aliponiambia habari za Nels. Mji mzima unajua Ardith alikuwa na kaka aliyekufa akiwa na miaka kumi na miwili. Lakini yeye mwenyewe huwa hasemi. Alisema baba yao alikuwa akiiweka bunduki nyuma ya mlango wa jikoni, kama kila baba. Alisema yeye ndiye aliyekuwa sebuleni risasi ilipolia jikoni. Alisema hivyo tu.

Kisha akaja Gus, mikono mfukoni. Akauliza kama tunatafuta bunduki. Alipokuwa anaondoka aliiona kupitia dirishani, akaichukua, akaipeleka nyumbani akaifungia kwenye sefu lake. Gus ana sefu kubwa kuliko la benki ya hapa. Ameligharimia kuliko jiko la mke wake, Mungu amrehemu. Bunduki za Gus zote zimefungwa, miaka yote. Anachokataa ni kulazimishwa, basi.

Akatoa kitu mfukoni, akaniwekea kiganjani. Risasi. Ilikuwa ndani ya bunduki, tangu msimu wa kulungu wa mwaka jana.

"Bora ungeiweka mezani, mzee," akasema. Hakuwa anacheka tena. Ardith alimwambia Gus asante. Alimwambia mara mbili.

Jumanne, 2 Julai

Sikulala. Nimejichukia mpaka alfajiri, halafu nikachoka kujichukia nikapata njaa.

Nimeapa. Kuanzia leo, mimi ni mtu wa makufuli! Nimekwenda dukani nikarudi na mfuko mzima. Nimefunga kabati. Nimefunga karakana. Nimefunga kisanduku cha barua, postamasta atajijua. Milango ya nyumba nimeiwekea vitasa vya kisasa vinavyojifunga vyenyewe ukitoka. Funguo za akiba zote nimezitia kwenye sanduku la chuma, na sanduku nimelifunga, na ufunguo wa sanduku nimeutia kwenye shada la funguo zangu, pamoja na wa nyumba na wa pikapu. Kila kitu mahali pamoja! Hata Gus hana mpangilio huu.

Jioni nilikwenda kwa Ardith kumwomba radhi. Nilimwambia kwamba nimeona nilichofanya, na kwamba nimeogopa. Ilikuwa kweli, kila neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema bado naweza kuja Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi kusaidia kubeba sanduku mpaka garini.

Garini tu. Wendell ndiye mshindi. Wendell ndiye atakayekaa mbele.

Nimekuwa nikilitazama hilo neno "garini" kwa muda sasa. Gari la Ardith ni kuukuu. Magari makuukuu huharibika.

Alhamisi, 4 Julai

Sikukuu! Bendera kila mahali, pankeki za zimamoto asubuhi, gwaride mchana. Gus alipita juu ya trekta lake akiwarushia watoto pipi, bango la wapinzani limemzunguka. Ardith alipita nyuma yake kwa miguu, na bango la Hoja. Watu waliwapigia makofi wote wawili. Hapa kwetu kwenye gwaride tunampigia makofi hata mtoza kodi.

Sasa mpango. Naandika upesi kabla moyo haujanitoka kifuani. Fataki zilipoanza, mji mzima ulikuwa uwanjani unatazama juu. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba ya Ardith natazama chini, chini ya boneti. Nimechomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Kitu kidogo, cha buluu, ukubwa wa ukucha. Bila hiyo gari litakohoa tu.

Kesho saa kumi na mbili: gari halitawaka. Ardith atashika kichwa. Sanduku liko pale, Salem iko mbali, saa zinakwenda. Ghafla, nani anatokea na pikapu iliyooshwa, tangi limejaa? Na pikapu yangu ina viti viwili. Viwili! Wangu na wa Ardith. Wendell atabaki akitupungia mkono na meno yake.

Siyo hujuma. Fyuzi nitairudisha Jumamosi, na nitambadilishia na oili bure. Kwa kweli nikifikiria sana, ni matengenezo.

Ijumaa, 5 Julai

Naandika kwenye ngazi za nyumba yangu. Siwezi kuingia ndani.

Niliamka saa kumi na moja, nikanyoa, nikajipaka manukato. Nikaweka fyuzi juu ya dashibodi ya pikapu ili isipotee. Nikatia ufunguo, nikawasha injini kidogo, ikanguruma vizuri, nikaizima. Nikakumbuka chupa ya kahawa niliiacha barazani. Nikashuka. Na kwa sababu sasa mimi ni mtu wa makufuli, mkono wenyewe ukabonyeza kitasa kabla sijafunga mlango.

Shada la funguo ndani, linaning'inia. Fyuzi ndani. Nyumba nayo imejifunga yenyewe, vitasa vya kisasa. Funguo za akiba ziko kwenye sanduku la chuma, ndani ya nyumba, na ufunguo wa sanduku uko kwenye shada. Mimi nje, nimevaa ndara. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wengine angalau huingia na viatu.

Nilikimbia mpaka kwa Ardith. Goti lilipiga kelele njia nzima. Nilimkuta Wendell ameinama kwenye boneti na tochi yake ya meno, anamulika huku na huku kana kwamba gari litasema "aaa". Halikuwaka. Lilikohoa, kama nilivyopanga. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga isipokuwa mimi!

Ardith alijaribu kumpigia simu fulani na fulani. Wote wamekwenda ziwani kwa sikukuu. Kisha akakaa juu ya sanduku la saini, mikono mapajani. Hakulia. Akasema, si kwa yeyote, kwamba aliahidi kaburini kwa Nels kwamba sanduku hili atalipeleka kwa mkono wake.

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilifungua. Nilisema, "Habari za asubuhi."

Nikajaribu tena. Nilishafika kwenye "Ardith, ile fyuzi," wakati honi ilipolia. Gus, na pikapu yake kubwa ya milango minne, mbwa wake akiwa nyuma. Alikuja kumtania tu kabla hajaondoka, kumwambia Novemba atamgaragaza. Aliangalia boneti, akamwangalia Ardith juu ya sanduku, akamwangalia mtu wa ndara. Akazima honi.

"Novemba nitawapiga vibaya sana, Ardith," akasema. "Lakini nitawapiga kwa kura, siyo kwa gari bovu. Haya, pandeni!"

Wakapanda. Gus usukani. Ardith mbele. Nyuma: Wendell, sanduku, mbwa. Nikauliza kama kuna nafasi. Gus akasema ipo mbwa akishuka, na mbwa ni wake. Wakaondoka. Niliona Ardith anacheka jambo kabla hata hawajafika kwenye kona.

Saa saba kwenda, saa saba kurudi, na soseji.

Jumamosi, 6 Julai

Walifika! Saa tisa na nusu sanduku lilikuwa limepokelewa. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kama mtu aliyekuwa akizama akaambiwa angalau maji ni safi.

Leo asubuhi Gus alikuja na waya wake wa kufungulia magari. Nililala karakanani usiku wa jana, baada ya kuvunja kufuli langu mwenyewe kwa nyundo. Sikujua kwamba amekuja na Ardith, walikuwa njiani kwenda kunywa chai. Walikuwa njiani! Kwenda kunywa chai! Gus akaanza kuchezea mlango, na Ardith akasogea dirishani kutazama, na jua likawa linapiga moja kwa moja kwenye dashibodi.

Ile fyuzi iling'aa. Hata mimi, katika hali ile, niliona kwamba ni ya buluu nzuri sana.

Mlango ulipofunguka Ardith aliingiza mkono, akaichukua, akaitazama, akaitia kwenye mkoba wake. Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi. Gus aligeuka akaangalia mawingu.

Ardith akaniambia, "Lyle, gari langu lina kiti cha nyuma. Kilikuwa kitupu tangu siku ya kwanza. Ungeomba tu."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Wakaenda zao kunywa chai.

Nimekaa hapa karakanani tangu asubuhi. Sikuwahi kufikiria kiti cha nyuma. Hata mara moja. Moyo unaniuma, na siyo wa mchezo, ni wa kweli.

Ijumaa, 2 Agosti

TUMEPITA! Salem wamemaliza kuhakiki, saini zimetosha! Novemba Hoja ya Makufuli itapigiwa kura na jimbo zima! Mji umewaka. Gus amechapisha stika mpya, Ardith amechapisha zake, na kila Jumapili wanakaa barazani kwa Ardith wanabishana mpaka limau baridi linaisha. Wanapendeza, nakiri. Nami nilialikwa juzi. Nilikaa kwenye ngazi, karibu na mbwa. Ardith aliniletea glasi mwenyewe, akaniuliza goti linaendeleaje.

Alisema nimebadilika. Alisema anaona ninavyojitahidi na makufuli.

Ndiyo maana lazima nimfanyie jambo kubwa. Kampeni inahitaji kujulikana, na mimi nimepata njia, na safari hii haivunji sheria, maana siyo ya saini tena! Nimekaa na kujiuliza: kosa langu la Julai lilikuwa nini hasa? Jibu: zawadi. Huwezi kuchezesha bunduki kwa ajili ya makufuli. Lazima uchezeshe kufuli lenyewe!

Nimepata sefu la chuma la bunduki, zuri, la kijani, na mlango mzito. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza. Lakini nilipoliweka barazani, watu watatu walipita bila hata kugeuza shingo. Sefu tupu halimvutii mtu. Kwa hiyo ndani yake nimeiweka bunduki yangu ya kitako cha jozi, ile ambayo Gus alinirudishia.

Ardith hajui bado. Nataka nimshtukize.

Sefu lipo tayari nyuma ya pikapu. Kesho alfajiri nalipeleka supamaketi kubwa ya barabara kuu. Ni Jumamosi, maegesho yatafurika! Na ufunguo nimeuacha palepale mlangoni, ili kila mpita njia ajionee mwenyewe jinsi lilivyo rahisi kufungua.